Mizani Haipangi Pambano

Kati ya michezo tuliyoizoea shuleni, ngumi ndiyo inayotanguliwa na mizani. Mpira wa miguu haumuulizi mtu uzito wake, wala mbio. Lakini bondia haingii ulingoni mpaka apimwe, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba wapiganaji wawili wakishapimwa na kuonekana sawa, basi haki imekwisha kutendeka. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mizani husawazisha miili tu. Nani apigane na nani, lini, wapi na kwa masharti gani, hayo huamuliwa kwingine. Na katika ngumi za kulipwa kinachotazamwa sana ni jina, yaani ni watu wangapi watakaotoa fedha zao ili wamwone mtu huyo. Mabondia wa Afrika Mashariki ni mashahidi wazuri wa jambo hili.

Sheria za Queensberry za mwaka 1867, huko Uingereza, zilileta glavu na raundi za dakika 3. Mwaka 1909 klabu ya National Sporting Club ya London iliweka madaraja 8 ya uzito, kuanzia fly, ambayo ni ratili 112 (karibu kilo 51), hadi uzito wa juu usio na kikomo. Baadaye nafasi zilizokuwa kati ya daraja na daraja zilianza kujazwa. Mwaka 1962, kwa mfano, ulianza ubingwa wa ratili 154, kati ya welter (147) na uzito wa kati (160). Siku hizi madaraja yaliyozoeleka ni 17, na vyama vikubwa vinavyotoa mikanda ya dunia ni vinne: WBA, WBC, IBF na WBO. Zidisha, utapata mikanda 68. Jambo hili limewasaidia watu wembamba wasiumizwe na wanene. Lakini pia limewapa mapromota mikanda mingi ya kutangazia biashara yao.

Katika ngumi za ridhaa, baada ya mizani huja kura. Ndiyo maana katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, mwaka 1970, Titus Simba wa Tanzania alikutana na John Conteh wa Uingereza katika fainali ya uzito wa kati. Simba alishindwa akapata medali ya fedha. Conteh alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBC mwaka 1974, katika uzito wa light heavy. Siku ile ya Edinburgh hapakuwa na mtu wa kuuliza kama Simba ana jina la kutosha. Kura na ushindi ndivyo vilivyowakutanisha.

Katika ngumi za kulipwa hakuna kura. Yuko mpangaji wa mapambano, na kazi yake ni ngumu. Mwenye jina lazima apate mpinzani anayeaminika, la sivyo watazamaji hawatakuja; lakini asiwe hatari kupita kiasi, la sivyo jina litaanguka na fedha zitapotea. Anayeumia katika hesabu hiyo ni yule aliye hodari lakini hajulikani. Marvin Hagler wa Marekani, aliyepigana kwa mkono wa kushoto, alianza ngumi za kulipwa mwaka 1973. Alipigana karibu mapambano 50 kabla hajapewa nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia, mwezi Novemba 1979. Alitoka sare na Vito Antuofermo, na bingwa akabaki na mkanda wake. Hagler aliupata ubingwa Septemba 1980, London, kwa kumshinda Alan Minter.

Kama Mmarekani alingoja hivyo, Mwafrika je? Philip Waruinge wa Kenya alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya 1968 na ya fedha mwaka 1972, zote katika uzito wa unyoya. Kisha akaenda Japan kupigana ngumi za kulipwa. Nafasi ilimjia Aprili 1976, WBC ilipofungua daraja jipya la ratili 122. Pambano lilifanyika Panama, nyumbani kwa mpinzani wake Rigoberto Riasco, na Waruinge akashindwa.

Habari ya Ayub Kalule wa Uganda inafundisha zaidi. Mwaka 1974 alichukua ubingwa wa dunia wa ridhaa huko Havana, katika uzito wa light welter. Katika uzito huohuo Sugar Ray Leonard wa Marekani alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, michezo ambayo nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo, hazikushiriki. Basi kwa medali vijana hawa wawili walikuwa wa kiwango kimoja. Lakini Leonard alikuwa amekwisha kuonekana katika televisheni za Marekani nzima, na kwa pambano lake la kwanza la kulipwa, Februari 1977, alipata karibu dola 40,000. Kalule alikwenda kuanza upya Denmark. Alipata ubingwa wa WBA wa ratili 154 mwaka 1979 kwa kumfuata bingwa Masashi Kudo kwao Japan, akautetea mara nne, wala hakuwa amepoteza pambano hata moja.

Tarehe 25 Juni 1981, mjini Houston, Leonard alipanda kutoka welter akamshinda Kalule katika raundi ya 9. Je, Leonard alikaa katika daraja hilo? Hapana. Aliuachia mkanda, akarudi welter, na mwezi Septemba akapigana na Thomas Hearns katika pambano kubwa la mwaka ule. Kwa Kalule ubingwa ule ulikuwa kazi ya maisha. Kwa Leonard ulikuwa kituo cha njiani.

Mganda mwingine, John Mugabi, aliyepata medali ya fedha Moscow mwaka 1980, alikuwa amewaangusha wapinzani wake wote kabla ya muda. Nguvu zake zilikuwa katika ratili 154. Hata hivyo nafasi yake kubwa ya kwanza ilipatikana katika ratili 160, dhidi ya Hagler, Machi 1986, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na jina na fedha. Alipigana kiume, akaangushwa raundi ya 11. Mkanda wa uzito wake mwenyewe aliupata mwaka 1989.

Hata Hagler, akiwa bingwa, alikutana na jina kubwa kuliko lake. Alipopigana na Leonard, Aprili 1987, Hagler alihakikishiwa dola milioni 12 na Leonard milioni 11. Lakini Leonard aliomba masharti: raundi 12 badala ya 15, na ulingo mpana wa kukimbilia. Alishinda kwa kura za majaji wawili dhidi ya mmoja. Mwaka 1988 akapigana na Donny Lalonde, bingwa wa WBC wa ratili 175, kwa sharti kwamba Lalonde asizidi 168. Na WBC ikaweka pia mkanda wake mpya wa ratili 168. Leonard akatwaa mikanda miwili usiku mmoja. Hapo mizani yenyewe ilimfuata mwenye jina.

Sisemi kwamba jina ni dhuluma tupu. Bila Leonard, Kalule asingepata jukwaa lile la Houston wala malipo yake. Watazamaji ndio wanaolipa, na ni haki yao kuchagua. Tatizo ni kwamba vijana wetu waliondoka bila watazamaji nyuma yao, wakawa wageni katika kila ukumbi.

Kwenu mlioko madarasani: mtihani ni mizani, na hapana budi kuupanda mkiwa tayari. Lakini baada yake kuna mikataba, na katika utumishi wangu serikalini nimeona wengi waliotia sahihi bila kusoma. Kijana anayetaka ngumi za kulipwa amalize shule kwanza, aweze kusoma kifungu cha uzito na cha malipo kwa macho yake mwenyewe. Na kwetu sisi wazee wa shule hii: kijana wa mtaani akipigana Jumamosi, twende tukalipe kiingilio. Leonard alijengewa jina na watu wa kwao.