Mapigo ya moyo ya mtoto anayeendesha baiskeli milimani: yapi ni ya kawaida?

Mtoto anapopanda mlima kwa baiskeli, moyo wake huenda mbio, hupumua kwa nguvu na uso hulowa jasho. Mara nyingi huo si ugonjwa. Moyo unasukuma damu zaidi ili misuli ya miguu ipate hewa ya oksijeni na chakula. Kama mama au mlezi, cha kuangalia si kasi peke yake. Angalia pia kama mapigo yanashuka mtoto anapopumzika, na kama kuna dalili nyingine zinazoambatana nayo.

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wazazi na walezi wa watoto wa shule na vijana wanaoendesha baiskeli kwa muda mrefu, iwe ni kwa mazoezi, kwenda shule au kubeba mizigo.

Kwa nini milima ya kwetu huufanya moyo ufanye kazi zaidi

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa uko zaidi ya mita 1,500. Kwenye mwinuko huo, kila pumzi huingiza oksijeni kidogo kuliko Dar es Salaam au Tanga. Mtoto aliyezaliwa na kukulia huku mwili wake umezoea. Mtoto aliyetoka pwani kuja likizo bado hajazoea, na mapigo yake yanaweza kuwa juu kuliko kawaida yake kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Mwache aanze taratibu.

Halafu kuna miinuko yenyewe. Kutoka Ipogolo kupanda hadi Iringa mjini, au kutoka Mbeya kufuata barabara ya Chunya, moyo hauwezi kutulia. Baiskeli nyingi za kwetu ni nzito na hazina gia. Ukiongeza dumu la maji au gunia la viazi nyuma, mapigo yatapanda zaidi hata kama mtoto anaenda polepole. Akishuka na kuisukuma baiskeli, amefanya jambo la busara. Usimwite mvivu.

Jinsi ya kuhesabu mapigo

Huhitaji kifaa cha gharama. Saa yenye mshale wa sekunde au simu inatosha.

1. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa mtoto, chini ya kidole gumba chake. Usitumie kidole gumba chako, kwa sababu kina mapigo yake na kitakuchanganya.
2. Asubuhi kabla hajatoka kitandani, hesabu kwa dakika 1 nzima. Hayo ndiyo mapigo ya kupumzika. Fanya hivyo asubuhi 3 au 4 na uandike, ili ujue kawaida ya mwanao.
3. Anaposimama baada ya kupanda mlima, hesabu mara moja kwa sekunde 10, kisha zidisha kwa 6. Ukichelewa, mapigo yatakuwa yameshashuka.

Unaweza kuhisi mapigo ya mtoto yakiongezeka kasi anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa. Kwa watoto na vijana hilo ni jambo la kawaida.

Saa za kisasa za mkononi zinazopima mapigo husaidia, lakini hukosea barabara ikiwa na makorongo, mkono ukiwa na baridi au saa ikiwa imelegea. Ikionyesha namba ya ajabu wakati mtoto yuko vizuri, hesabu kwa vidole kabla ya kuogopa.

Namba za kukuongoza

Akiwa amepumzika:

- Mtoto wa miaka 6 hadi 12: kwa kawaida kati ya 70 na 110 kwa dakika.
- Kijana wa miaka 13 na kuendelea, na mtu mzima: kati ya 60 na 100.
- Kijana aliyefanya mazoezi kwa miezi mingi anaweza kuwa chini ya 60. Kama ana nguvu na hapati kizunguzungu, ni ishara kwamba moyo wake umeimarika.

Akiwa kwenye baiskeli:

- Mwendo wa kawaida kwenye tambarare: wengi huwa kati ya 120 na 150.
- Kupanda mlima kwa nguvu: 170 hadi 190 si ajabu kwa mtoto au kijana mwenye afya.
- Akijitahidi hadi mwisho wa nguvu zake: watoto wengi hufika karibu 200.

Huenda umesikia hesabu ya 220 kutoa umri. Hiyo ni makadirio ya kiwango cha juu kwa watu wazima, na inaweza kupishana na ukweli kwa mapigo 10 au zaidi. Kwa mama wa miaka 35 inatoa 185. Mazoezi ya wastani kwake ni kati ya mapigo 93 na 130 hivi. Lakini kama una ujauzito, au unatumia dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, usitegemee namba hizi. Muulize mhudumu wa afya.

Kipimo cha maneno

Katika safari ndefu, njia rahisi ni kumsemesha. Akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, mwendo unamfaa. Akijibu neno moja moja, anajitahidi sana, na hapo anatakiwa kupunguza mwendo baada ya dakika chache. Akishindwa kabisa kuongea, asimame. Sehemu kubwa ya mazoezi ya masafa marefu inapaswa kuwa ya mwendo wa kuongea.

Angalia yanavyoshuka

Moyo wenye afya huanza kutulia mara mtoto anapopunguza mwendo. Hesabu anapofika, kisha hesabu tena baada ya dakika 1. Unapaswa kuona yameshuka waziwazi. Asisimame ghafla wala kulala chini papo hapo. Atembee polepole dakika chache ili asipate kizunguzungu.

Mapigo yakishuka polepole kuliko kawaida yake, au mapigo ya asubuhi yakizidi ya siku zote kwa 10 au zaidi, tafuta sababu:

- Homa. Kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka huongeza mapigo kama 10. Mtoto mwenye homa apimwe malaria na apumzike. Asiendeshe baiskeli hadi apone.
- Upungufu wa damu. Angalia kama viganja na ndani ya kope vimepauka. Wasichana waliovunja ungo na watoto wenye minyoo wako kwenye hatari zaidi.
- Kukosa maji, chakula au usingizi. Hata kwenye baridi ya Juni na Julai mwili hupoteza maji. Mpe maji, na asiondoke nyumbani bila uji au kifungua kinywa kingine.
- Vinywaji vya kuongeza nguvu. Vina kafeini nyingi inayosukuma moyo. Havifai kwa watoto.

Mtoto mwenye selimundu, pumu au tatizo la moyo aonwe na daktari kabla ya kuanza mazoezi ya muda mrefu.

Usipuuze maumivu ya koo

Maumivu ya koo yenye homa, yakisababishwa na bakteria na yasipotibiwa, yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi wiki chache baadaye. Homa hiyo huvimbisha viungo na huweza kuharibu milango ya moyo. Hushika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Miaka mingi baadaye mtoto anaweza kuanza kuhema kwenye kilima ambacho wenzake wanakipanda bila shida, na watu wakadhani ni uvivu. Mpeleke kituo cha afya koo linapouma, na akipewa dawa, amalize dozi.

Dalili za hatari

Simamisha mazoezi na umpeleke hospitali ikiwa:

- alizimia, hasa akiwa bado anaendesha;
- anaumwa au kubanwa kifua anapojitahidi;
- moyo unaanza kwenda mbio ghafla akiwa ametulia, au mapigo yanazidi 180 ilhali amepumzika;
- midomo inakuwa ya bluu, au miguu inavimba;
- anahema kuliko wenzake wa rika lake, au hawezi kulala chali usiku;
- kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50.

Anza na kituo kilicho karibu. Wanaweza kumpa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na ikihitajika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nenda na karatasi yako ya mapigo: ya asubuhi, ya mlimani, na ya dakika 1 baada ya kupumzika. Eleza alikuwa anafanya nini dalili ilipoanza na ilichukua muda gani. Maelezo hayo humsaidia daktari kujua aanzie wapi.