Hatari ya kifamilia ya sonona

Hatari ya kifamilia ya sonona ni hali ya mtu kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa wa sonona, au wa kujaribu kujiua, kwa kuwa mzazi au ndugu yake wa damu alipatwa na hali hiyo. Hatari si hukumu: wengi wenye mzazi mgonjwa hawaugui.

Utafiti

Mwaka 1982 Myrna Weissman wa Marekani na wenzake walianza kufuatilia familia, hatimaye hadi kizazi cha tatu. Watoto wa wazazi wenye sonona waliugua takriban mara 3 zaidi ya wengine. Uchambuzi wa tafiti za mapacha wa mwaka 2000 ulikadiria kwamba urithi unaeleza asilimia 37 hivi ya tofauti kati ya watu. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na mazingira ya kila mmoja. Hakuna jeni moja ya sonona, bali nyingi zenye athari ndogo.

Mwaka 2015 David Brent na wenzake walionyesha kwamba, kati ya wazazi wenye magonjwa ya hisia, watoto wa wale waliowahi kujaribu kujiua walikuwa na uwezekano wa kujaribu pia karibu mara 5 ya wenzao.

Arusha na Meru

Katika wilaya za Arusha na Meru, kazi iliyofanyika miaka ya 2010 ililenga kuitambua sonona ya vijana mapema. Mradi wa shirika la Farm Radio International, uliofadhiliwa na Grand Challenges Canada, ulitumia vipindi vya redio, mafunzo kwa wahudumu wa afya na somo la afya ya akili lililoandaliwa na Stan Kutcher wa Kanada. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya mafunzo ya siku 3 maarifa ya walimu wa sekondari yaliongezeka na unyanyapaa ukapungua.

Sheria na msaada

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania (Sura ya 16) imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Hofu ya sheria na aibu ya ukoo huweza kufanya familia zifiche yaliyotokea, ilhali mhudumu wa afya huhitaji historia hiyo ili kumlinda aliye hatarini. Sonona hutibika kwa ushauri nasaha na dawa. Msaada huanzia kituo cha afya cha karibu, na rufaa huweza kutolewa hadi Hospitali ya Mount Meru jijini Arusha.