Ugiligili wa ubongo

Ugiligili wa ubongo, au maji ya uti wa mgongo, ni majimaji maangavu yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo na kujaza vyumba vilivyomo ndani ya ubongo. Mtu mzima huwa na takribani mililita 150, ilhali mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku. Sukari yake ni karibu theluthi mbili ya ile ya damu. Ikishuka sana, daktari hushuku homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Leptini, homoni ya shibe itokayo kwenye mafuta ya mwili, hupatikana pia katika ugiligili huu, ingawa kwa watu wanene huongezeka zaidi katika damu kuliko humo.

Daktari Heinrich Quincke alieleza namna ya kuuchota kwa sindano kiunoni mwaka 1891. Mwaka 1898 daktari August Bier alipitisha kokeini njia hiyohiyo, mwanzo wa ganzi ya mgongo itumikayo leo katika upasuaji wa uzazi: mtoa ganzi husubiri tone angavu lichomoze sindanoni, ndipo aingize dawa. Ugiligili huu pia unaweza kuleta ugonjwa: ukizidi ndani ya ubongo, mtoto hupata kichwa kikubwa. Mjini Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji Benjamin Warf aliunganisha kufungua njia mpya ya maji na kuchoma tishu zinazoyatengeneza, ili wengi wasitegemee mpira wa kupunguzia maji, ambao huweza kuziba.