Kutoka gaaru ya Meru hadi katuni ya Japani: Jinsi shujaa anavyofundwa

HADITHI ya katuni ya Kijapani iitwayo My Hero Academia, iliyotungwa na kuchorwa na Kohei Horikoshi, ilianza kuchapishwa Julai 2014 katika jarida la Weekly Shonen Jump, ikakamilika Agosti 2024 ikiwa na sura 430. Vijana wetu wengi huijua kupitia filamu zake za vibonzo, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2016. Wazazi wao huiona kuwa upuuzi mtupu, na nakiri nami niliianza kwa shingo upande. Lakini mzee wa Meru au Embu akisimuliwa kisa chenyewe, huenda asikione kigeni.

Katika ulimwengu wa hadithi hiyo, watu wanane kati ya kila kumi huzaliwa na kipawa kisicho cha kawaida. Izuku Midoriya hana. Shujaa mkuu wa nchi, All Might, ambaye ameuficha umma jeraha linalommaliza, anamteua awe mrithi wake. Hampi nguvu zake papo hapo. Anamwamuru kwanza asafishe ufuo uliojaa taka, kazi ya miezi kumi, hadi mwili uweze kustahimili kile utakachopokea. Hata baada ya hapo kijana anavunjika mifupa kila azitumiapo nguvu hizo, na inambidi mwalimu mkali wa darasa, Shota Aizawa, amlazimishe ajifunze kujizuia. All Might alikuwa wa nane kuzibeba. Midoriya ni wa tisa.

Wameru walikuwa na gaaru, nyumba kubwa walimolala mashujaa wasiooa. Aliyetoka jandoni aliingia humo akiwa mdogo wa wote. Aliwatumikia waliomtangulia, akajifunza silaha, ulinzi wa mifugo na, jambo gumu zaidi, kutii kabla ya kuamuru. Nguvu za kijana zilikuwa hatari kwa jirani na kwa nyumba yake pia, hivyo wakubwa wa rika na wazee walizishika hatamu. Baada ya miaka kadhaa rika zima lilisogea mbele: mashujaa wakaoa, wadogo wakapanda, na wazee watawala wakakabidhi mamlaka katika sherehe ya ntuiko. Kwa Waembu iliitwa nduiko, na vizazi viwili, Kimanthi na Nyangi, vilipokezana zamu.

Hapa ndipo katuni na mila zinapoachana. Horikoshi anampa mrithi mmoja mzigo wote. Meru na Embu waliwapa vijana waliotahiriwa pamoja, na aliyelegea alibebwa, au kukaripiwa, na wenzake.

Mfumo huo haukufa kwa kuchosha watu. Waingereza waliishambulia Embu mwaka 1906 na kuweka kituo chao Meru mwaka 1908. Uvamizi wa kuteka mifugo ulipopigwa marufuku, shujaa alibaki bila kazi, na gaaru bila wanafunzi. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru ambalo makao yake yako Nchiru, lingalipo, lakini baraza ni la wazee. Halilali nyumba moja na vijana.

Jando lenyewe halikukoma. Kila likizo ya mwisho wa mwaka wavulana hutahiriwa, wengi hospitalini, kisha hukaa faraghani kwa majuma machache. Baadhi hufundwa na kanisa. Wengine huachiwa vijana waliowatangulia kwa mwaka mmoja au miwili, ambao wenyewe hawakufundwa na mtu, na hapo ndipo vipigo na ulevi hupenya.

Tatizo limeongezewa jingine. Kwa muda mrefu wavulana walitahiriwa baada ya darasa la nane, wakiwa na takriban miaka 14. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika mtaala mpya shule ya msingi huishia gredi ya sita. Wapo wazazi wanaowapeleka wana wao wakiwa na miaka 12, nao huwakuta walezi wale wale.