Asali Ukingoni mwa Kikombe: Mshairi wa Kirumi na Hofu ya Miungu

Sisi tunaotunga na kusoma tenzi hatuhitaji kushawishiwa kwamba shairi laweza kubeba elimu. Utenzi umetufunza dini, adabu, unyumba na historia, wala hakuna aliyemuuliza mtunzi kwa nini hakuandika nathari. Kwa hiyo nilipokutana na Lucretius, mshairi wa Roma wa karne ya kwanza K.K., umbo la kazi yake halikunishangaza. Kilichonishtua ni mafunzo yake: alitunga shairi refu la mawaidha ili kuwaondolea watu hofu ya miungu.

Shairi hilo, De rerum natura, yaani Kuhusu Asili ya Vitu, lina vitabu sita na mishororo zaidi ya 7,000. Halina vina; muziki wake watokana na mpangilio wa silabi ndefu na fupi katika mapigo sita ya kila mshororo, bahari ileile iliyotumika kusimulia vita vya mashujaa. Mtunzi anamwelekezea maneno yake Memmius, mwanasiasa wa Kirumi, na falsafa anayoifundisha ni ya Epicurus, Mgiriki aliyefariki mwaka 270 K.K. Kuhusu maisha yake tunayo machache. Cicero aliyataja mashairi yake katika barua aliyomwandikia ndugu yake mwaka 54 K.K. Karne nne baadaye Jerome aliandika kwamba Lucretius alipagawa kwa dawa ya mapenzi akajiua, habari ambayo wataalamu wengi huitilia shaka. Si ajabu kwa mtu aliyepinga dini kuzuliwa mwisho mbaya.

Mafunzo yenyewe ni haya. Vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo zisizogawanyika, zinazotembea katika uwazi usio na mwisho. Miungu ipo, lakini inaishi mbali katika utulivu. Haimwadhibu mtu wala haimtuzi. Basi radi si fimbo ya mbinguni. Nayo roho hufa pamoja na mwili: kama hatukuumizwa na karne zilizopita kabla hatujazaliwa, hatutaumizwa na zitakazofuata baada yetu.

Adui yake anamwita religio. Nasita kulifasiri neno hilo kwa “dini” na kuishia hapo, maana ndani yake mna ibada, mwiko na woga kwa pamoja. Yeye mwenyewe asema anakuja kuifungua akili kutoka katika vifundo vyake. Ushahidi wake mkubwa si hoja, ni picha: binti wa Agamemnon anafikishwa madhabahuni kule Aulis, kama bibi harusi, kisha anachinjwa kwa idhini ya baba yake ili merikebu za vita zipate upepo. Hapo mwanafalsafa ananyamaza na mshairi anafanya kazi.

Wapenzi wa lugha watavutiwa na jambo jingine. Lucretius alilalamika kwamba lugha ya wazee wake ilikuwa maskini mbele ya falsafa ya Wagiriki. Hata hivyo hakulikopa neno lao la atomi. Alitafuta nyumbani, akaziita chembe hizo “mbegu”, “vianzo”, “miili ya kwanza”. Hakuishia hapo. Alieleza kwamba chembe zinaunda vitu kama herufi zinavyounda maneno: badilisha mpangilio tu, na kitu kinakuwa kingine. Katika Kilatini alionyesha jinsi moto, ignis, ulivyojificha ndani ya kuni, lignum. Nasi tungeweza kumwonyesha mali, mila na lima: herufi nne zilezile, dunia tatu mbalimbali.

Kwa nini basi atumie shairi? Jibu lake ni mfano wa tabibu anayempa mtoto dawa ya pakanga: hupaka asali ukingoni mwa kikombe ili mtoto adanganyike anywe, apone. Mfano mzuri, lakini siuamini wote. Shairi linaanza kwa kumwomba Venus, mungu wa kike wa mapenzi, awape Warumi amani, ilhali mafunzo yake yasema miungu haisikii dua. Linaisha kwa tauni ya Athens ya mwaka 430 K.K., maiti zimelundikana na watu wanagombania kuni za kuchomea wafu wao. Pale mwanzo asali imeingia ndani ya dawa. Pale mwisho haimo kabisa. Naona mtunzi alijua kwamba hofu haitoki kwa hoja peke yake.

Virgil alimsoma vizuri. Katika Georgica, shairi lake la vitabu vinne kuhusu kilimo lililokamilika karibu mwaka 29 K.K., anamsifu aliyejua sababu za mambo akaikanyaga hofu. Kisha anamwita heri pia yule anayeijua miungu ya mashambani. Ndilo jibu la mshairi kwa mshairi, katika bahari ileile, bila tusi.

Mimi ni mtu wa dini, na kuhusu roho sikubaliani na Lucretius. Mtunzi wa Al-Inkishafi anauita moyo wake uyatazame magofu ya Pate ili ukumbuke Akhera. Lucretius anatutaka tulitazame kaburi tujue hakuna Akhera. Njia zimepishana, lakini wote wawili walikataa kumwacha msomaji alale usingizi mbele ya mauti. Labda hilo lilitambuliwa zamani. Nakala kongwe zilizosalia za shairi hili ni za karne ya 9, kazi ya waandishi Wakristo, na aliyelirudisha kwa wasomaji mwaka 1417, Poggio Bracciolini, alikuwa amewahi kuwa katibu wa Papa. Waliokuwa na sababu ya kulichoma ndio waliolinakili, mshororo kwa mshororo.