Taharuki au Kimuhemuhe?

Ipo aina ya riwaya ambayo msomaji huitambua mwilini kabla hajaipatia jina. Mwanamke anampenda mwanamume, kuna mtu ameuawa, na kadiri penzi linavyokolea ndivyo ushahidi unavyomwelekea huyo huyo mpenzi. Sisi tunaiita riwaya ya mahaba na upelelezi, au, mhakiki akiwa na nafasi ukurasani, riwaya pendwa ya mahaba, jinai na taharuki. Hilo si jina, ni orodha ya mtu anayetumwa sokoni. Tuyapime maneno yake, maana wenye lugha ni sisi.

Pendwa kwanza. Wataalamu wameitenga riwaya pendwa na riwaya dhati, kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa na dhati. Hata sarufi yake inachekesha: ni kauli ya kutendwa iliyomficha mtendaji. Inapendwa na nani? Na anayeinunua kituo cha basi akaimaliza kabla ya kufika mwisho wa safari yake, ambaye mhakiki hana haja ya kumtaja. Neno silichukii. Ninachokikataa ni dharau iliyojibanza ndani yake.

Mapenzi ni neno pana mno. Mama ana mapenzi kwa mwanawe, shabiki ana mapenzi na Yanga, na mfiwa huambiwa ni mapenzi ya Mungu, ambapo maana si kupenda tena bali ni kutaka. Mahaba ni finyu zaidi, na hapo ndipo ubora wake ulipo: yana macho, yana udi, yana mwili. Shina lake la Kiarabu ni moja na la huba, muhibu na habibi. Huba ningewaachia washairi, kwa kuwa haijui hila. Ashiki nayo ina moto kupita kiasi. Mwenye ashiki hana subira ya kurasa mia tatu.

Jinai ni neno la mahakamani. Linakuja na jalada na namba ya kesi, na kazi yake hasa ni kutofautishwa na madai. Uhalifu unanivutia zaidi. Kuhalifu ni kwenda kinyume, na anayekwenda kinyume na amri anahalifu sawasawa na anayekwenda kinyume na ahadi. Kwa hiyo mume aliyeua na mume aliyevunja kiapo cha ndoa wanaingia chini ya kitenzi kimoja, jambo ambalo riwaya hizi zimelijua siku zote. Kama ni kuchagua, basi tuseme mahaba na uhalifu, tuwaachie polisi jinai yao.

Upelelezi umetukalia vizuri tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Hapo mpelelezi ni mtu wa nje: anaitwa, anatazama, anafikiri, anafumbua fumbo, anaondoka. Kachero wa baadaye ana bastola na mwendo wa kasi, kama Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na jasusi anatumwa na serikali. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana Nuru wake, ndiyo, na Gamba hakosi warembo. Lakini mara nyingi mapenzi ya makachero hawa ni mahali pa kuvutia pumzi kabla ya risasi zinazofuata. Fumbo liko kwa adui, halilali kitandani.

Mwanamke wa riwaya ninayoizungumzia hapelelezi. Anapekua. Kupekua ni kazi ya kuku kwanza: kuparua ardhi, kuangalia kilichojitokeza, kuparua tena. Anavuta mtoto wa meza, anakuta risiti ya hoteli, anaikunja ilivyokuwa na kuirudisha. Anapapasa mfuko wa koti huku masikio yako mlangoni. Mpelelezi akikuta ushahidi hufurahi. Anayepekua huomba asikute kitu. Kwa tofauti hiyo tu, kumwita mpelelezi ni kumkosea.

Je, fumanizi? Hili lilikaribia kunishinda. Fuma tunayo ya kufuma kitambaa, tunayo ya kumfuma mnyama kwa mshale, na tunayo ya kumkuta mtu katika tendo lake. Mwandishi wa aina hii anazifanya zote tatu. Ila magazeti ya udaku yameshalipeleka fumanizi gesti, na haliwezi kurudi lilivyokuwa. Zaidi ya hapo, fumanizi ni mlango umeshafunguka. Utamu wa riwaya hizi uko kabla ya kitasa kuzungushwa.

Basi tumefika kwenye taharuki, istilahi ambayo kila mwanafunzi wa fasihi ameikariri. Ni ndugu wa haraka. Wote wawili wametoka kwenye shina la Kiarabu la mwendo na mtikisiko. Magazetini bado linaishi hivyo: taharuki yatanda mtaani, watu wanakimbia, maduka yanafungwa. Darasani tumelilazimisha limaanishe kinyume chake, yaani kukaa, kushikwa, kucheleweshwa. Msomaji wa riwaya ya mahaba na uhalifu hakimbii popote. Amejilaza, taa inawaka, na anajiambia sura moja tu.

Chukueni Rebecca ya Daphne du Maurier, iliyotoka Uingereza mwaka 1938. (Anayekusudia kuisoma airuke aya hii.) Msimulizi, mke wa pili asiyetajwa jina, anaishi Manderley katikati ya vitu vya marehemu mke wa kwanza, na kinachomla ni swali moja: mume wangu bado anampenda yule? Mashua iliyozama inapopatikana, mume anakiri kwamba alimuua. Na mke anapumua! Kukiri kuua kumejibu swali la mahaba: kumbe hakuwahi kumpenda. Kuanzia hapo sisi wasomaji, watu wa heshima zetu, tunaombea uchunguzi ushindwe. Hiyo si taharuki ya mtaani. Hofu na hamu zimekuwa kitu kimoja, na neno “na” linaloyaunganisha mahaba na upelelezi limebaki bila kazi.

Waandishi wetu waliwatangulia wataalamu katika hili, kwa kutafuta majina mwilini. Edi Ganzel aliita kitabu chake Kijasho Chembamba, mwaka 1980. Hammie Rajab ana Roho Mkononi. Vichwa hivyo vinakueleza utakavyojisikia kabla hujafungua ukurasa.

Nami natafuta huko huko. Wahaka ni hofu tupu, shauku ni hamu tupu. Roho juu inasemeka vizuri ila haikubali kunyambuliwa. Kiherehere kilikuwa moyo unaodunda, siku hizi ni tabia ya mtu anayejipendekeza. Linabaki kimuhemuhe: ile hali ya bibi arusi anayesikia magari yanakaribia, na ya anayesubiri majibu ya hospitali. Anataka na anaogopa kwa pumzi ile ile. Hata silabi zake zinahema. Napendekeza riwaya ya kimuhemuhe. Mtasema ni neno la barazani, halina hadhi ya kamusi ya istilahi. Taharuki nayo ilikuwa ya mtaani, ikavalishwa sare ya shule.

Sijampatia bado jina yule mwanamume mwenyewe, mpenzi anayeshukiwa. Mshukiwa ni wa polisi, mshtakiwa ameshafikishwa mahakamani, na mpenzi hana kivuli. Namchagulia mwandani, mtu aliye ndani yako, msiri wa moyo. Wazee walioshiriki mazishi watatabasamu, kwa kuwa ubavu wa kaburi anamolazwa maiti huitwa mwanandani, na wapo wanaolifupisha likawa mwandani vile vile. Mhusika huyu anastahili maana zote mbili hadi sura ya mwisho.