Kidole Gumba cha Elizabeth Cotten

Lugha yetu iliamua zamani mkono upi ni wa heshima. Wa kulia ndio wa kulia chakula. Wazee wakauita pia mkono wa kuume, na mwenzake ukabaki kuwa wa kike. Mtoto wa mashoto akinyoosha mkono kupokea kitu kwa mgeni atakemewa hapo hapo: "Toa mkono mzuri!" Mimi ni mashoto. Nilikemewa hadi nikaanza kupokea kila kitu kwa mikono miwili, kuepusha shari.

Kwenye muziki kesi hii ina mashahidi wengine kabisa. Ukiwauliza watu kuhusu mpiga gitaa wa mashoto watakutajia Jimi Hendrix, na ni haki yao. Lakini shahidi wangu wa kwanza ni mwanamke aliyefanya kazi za ndani sehemu kubwa ya maisha yake.

Elizabeth Cotten alikulia Carrboro, Carolina Kaskazini, mwishoni mwa karne ya 19. Kaka yake alikuwa na banjo, na kaka akitoka tu, binti anaichukua. Kwa kuwa alikuwa mashoto na chombo si chake, hakuthubutu kugusa mpangilio wa nyuzi. Akakigeuza tu, juu chini. Baadaye alijinunulia gitaa lake, aina ya Stella, kwa dola 3.75 alizozipata kwa kazi za nyumba za watu, na nalo akalipiga vile vile, limegeuzwa.

Hapa inabidi tuelewane kuhusu gitaa lenyewe. Kwa kawaida nyuzi nene zipo juu, karibu na kidevu cha mpigaji, na nyembamba zipo chini. Mkono wa kulia unacharaza, wa kushoto unabana nyuzi shingoni. Kidole gumba kinashika besi, vidole vingine vinapiga sauti za juu. Ndivyo alivyopiga hata Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akiimba "Masanga" kwa Kiswahili: gumba linatembea na besi, kidole cha shahada kinadokoa nyimbo juu yake. Sasa geuza gitaa bila kubadilisha nyuzi. Nene zinakwenda chini, nyembamba zinakuja juu, na gumba linajikuta mlangoni kwa sauti za juu. Cotten hakuhangaika. Aliviachia vidole vyake besi, na gumba likaimba.

Matokeo yake ni mlio ambao wapigaji wa mkono wa kulia wanauhangaikia mpaka leo. Besi yake inarukaruka kwa wepesi wa vidole, huku nyimbo inabeba uzito wa kidole chenye nguvu kuliko vyote. Marekani mtindo huo ukapewa jina lake. "Freight Train" aliutunga bado msichana mdogo. Kisha akaolewa, kanisani akashauriwa kuachana na nyimbo za kidunia, na gitaa likalala kwa miongo. Liliamka alipokuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia ya Seeger, watu wa muziki wenyewe, na mwaka 1958 santuri yake ya kwanza ikatoka. Wakati huo wimbo wake ulikwishavuma Uingereza kwa majina ya watu wengine, na ikabidi aupiganie. Tuzo ya Grammy ilimfikia mwaka 1985, ameshafika umri wa miaka ya tisini. Huwa nalifikiria hilo kila ninaposikia kwamba kipaji hakijifichi. Kinafichwa, bwana, na wafichaji wanajulikana.

Hendrix alifanya kitu kingine. Yeye alichukua gitaa la umeme la mkono wa kulia, Stratocaster, akaligeuza, lakini akapanga nyuzi upya ili nene zirudi juu. Kwa hiyo vidole vyake vilifuata utaratibu wa kila mtu. Kilichogeuka ni mbao na vyuma: vitufe vya sauti vikaja juu, na kile kinasa sauti kilicholazwa mshazari karibu na daraja kikawa kimelala kinyume chini ya nyuzi, hivyo uzi mnene ukasikika mkali zaidi na mwembamba ukapoa. Albert King, mwana blues, alibaki upande wa Cotten: nyuzi zilizogeuka, hakuna kupanga upya. Akitaka kupindisha sauti, uzi mwembamba anauvuta kuelekea chini badala ya kuusukuma juu, na kuvuta kuna nguvu kuliko kusukuma.

Wapo wanaosema mtu wa mashoto apige kama wengine tu, eti atafaidi, maana mkono wake hodari ndio utakaobana nyuzi. Mark Knopfler ni mashoto na anapiga kwa kulia, na hakuna wa kumfundisha kazi. Hata hivyo mimi siridhiki. Kubana nyuzi ni kazi ya kujifunza kwa mazoezi, mkono wowote utaiweza. Mwendo wa mapigo ndio unaotoka mwilini, na unapitia mkono unaocharaza.

Piano haigeuziki kirahisi. Besi ipo kushoto na sauti za juu zipo kulia, na muziki mwingi umeandikwa hivyo hivyo: kulia kunaimba, kushoto kunasindikiza. Ungedhani basi mkono wa kushoto ndio mnyonge. Kumbe tungo zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto peke yake ni nyingi kuliko za kulia peke yake. Sababu moja ni ya huzuni, kwamba mkono wa kulia ndio unaochoshwa na kuumia. Alexander Scriabin aliumiza wa kulia kwa mazoezi ya kupita kiasi, na mwaka 1894 akaandika vipande viwili vya kushoto. Sababu ya pili ipo kwenye umbo la mkono. Weka kiganja cha kushoto juu ya meza uone: gumba linaelekea kulia, kule ziliko sauti za juu. Mkono huo ukiachwa peke yake, vidole vidogo vinachota besi na gumba linashika nyimbo. Mkono wa kulia ukiachwa peke yake, nyimbo inaangukia kidole cha mwisho, kile dhaifu. Ni hesabu ile ile ya Cotten na gitaa lake la dola 3.75.

Paul Wittgenstein wa Vienna, kaka wa yule mwanafalsafa Ludwig, alipoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1914. Akiwa mateka wa Warusi huko Siberia alifanyia mazoezi juu ya sanduku la mbao. Aliporudi alitumia utajiri wa familia kuwaagiza watunzi wamwandikie. Ravel akampa konseto iliyopigwa mara ya kwanza Vienna Januari 1932, nao wakagombana kwa sababu Wittgenstein aliibadilishabadilisha. Konseto ya Prokofiev hakuipiga kabisa. Ukisikiliza ile ya Ravel umefumba macho, utaapa kuna mikono miwili.

Mpwa wangu ana miaka 9, naye ni mashoto, na mama yake anataka kujua amnunulie nini. Piano nimemwambia asisite, akae tu kama wengine. Gitaa ndilo linalotuletea mjadala. Maduka niliyopita hayana la mashoto, na la kawaida ukibadilisha nyuzi lazima fundi akuchongee upya kile kipande cha mfupa chenye mikato shingoni, maana mkato wa uzi mwembamba haupokei uzi mnene. Fundi anataka pesa, dada anataka risiti. Mtoto mwenyewe, wakati sisi tunabishana, alikwishaligeuza gitaa la jirani juu chini na anadonoa uzi wa juu kabisa kwa gumba.